Acadia, Olympic au Cape Hatteras: Uende Pwani Ipi Ukiwa na Mbwa?

Familia nyingi za Waswahili hapa Marekani zimeingia kwenye ufugaji wa mbwa kupitia watoto. Mtoto anaomba, anaomba tena, mpaka mzazi aliyekulia kwenye nyumba ambayo mbwa hulala nje akilinda geti anasalimu amri, na sasa mnyama ana kitanda chake sebuleni. Likizo ikikaribia linakuja swali: tumwache na nani? Nyumba za kulelea mbwa zinatoza kwa siku, majirani nao wana safari zao, kwa hiyo wengi wanaamua kwenda naye. Kisha wanachagua hifadhi kwa kutazama picha. Hapo ndipo safari inapoharibika, kwa sababu hifadhi inayopendeza kuliko zote kwenye picha inaweza kuwa ndiyo ambayo mbwa haruhusiwi kuvuka mwisho wa maegesho.

Nimelinganisha hapa pwani tatu zinazotajwa sana: Acadia jimboni Maine, Olympic jimboni Washington, na Cape Hatteras jimboni North Carolina. Jibu langu la haraka ni hili. Kama mnataka kutembea na mbwa kutwa nzima, nendeni Acadia. Kama mbwa wenu anapenda mchanga na mawimbi, na mnaweza kusafiri nje ya miezi ya joto, nendeni Cape Hatteras. Olympic ina uzuri wa kukuacha mdomo wazi, lakini kwa mwenye mbwa ni hifadhi ya ufuo na njia chache tu. Sehemu kubwa ya utajiri wake mtaitazama kwa zamu, mmoja akienda mwingine akibaki na mbwa.

Masharti yanatoka wapi

Msomaji aliyetoka Tanzania au Kenya hatashangaa kusikia mbwa ana masharti. Saadani, ambako pori linakutana na Bahari ya Hindi, huingii na mbwa kabisa, na ndivyo ilivyo kwenye hifadhi nyingine za taifa nyumbani. Sababu si ukali wa askari. Mwaka 1994 ugonjwa wa distempa ya mbwa uliingia Serengeti na kuua simba wapatao 1,000, karibu theluthi moja ya simba wa eneo lile, na watafiti waliuhusisha na mbwa wa vijiji vinavyopakana na hifadhi. Ndiyo maana leo mbwa wa vijiji hivyo wanafuatwa kwa chanjo.

Marekani utaratibu ni tofauti. Idara ya Hifadhi za Taifa ina sheria ya jumla, kisha kila hifadhi inaamua yenyewe mbwa afike wapi. Sheria ya jumla ni kwamba mbwa awe kwenye kamba isiyozidi futi 6, yaani mita 1.8; usimfunge mahali ukaondoka; na kinyesi chake ukizoe. Zile kamba za kujivuta zenye urefu wa mita tano au nane hazikubaliki mpaka uzifunge kwenye urefu huo. Haya ni sawa kila mahali. Tofauti kubwa, ambayo ndiyo ya kuangalia kabla ya kulipia malazi, ni ramani ya mbwa: ni njia zipi, ufuo upi, na miezi ipi.

Acadia: hapa mbwa anatembea kweli

Acadia iko zaidi kwenye kisiwa cha Mount Desert, mwendo wa saa tatu hivi kwa gari kutoka Portland na saa tano kutoka Boston. Kwa ndugu zetu wa Portland na Lewiston, wengi waliotoka Kongo, Rwanda, Burundi na Somalia, hii ni hifadhi ya karibu. Eneo lilianza kulindwa 1916, likawa hifadhi ya taifa 1919 kwa jina la Lafayette, na jina la Acadia likaja 1929.

Mbwa anaruhusiwa kwenye takriban maili 100 za njia za miguu, sawa na kilomita 160, na juu ya hizo kuna maili 45, yaani kilomita 72, za barabara za changarawe zilizojengwa kwa ajili ya mikokoteni ya farasi. Tajiri John D. Rockefeller Mdogo ndiye aliyezigharamia kati ya 1913 na 1940, akitaka watu wazunguke kisiwa bila kukutana na magari. Mpaka leo magari hayapiti humo. Barabara ni pana, changarawe imeshindiliwa, milima inapandwa taratibu kwa kuzungukazunguka, na njiani unavuka madaraja ya mawe ambayo peke yake yanatosha kuifanya safari iwe na maana. Mbwa mzee mwenye nyonga zinazouma anazimudu. Mama mwenye kigari cha mtoto anazimudu. Sijaona hifadhi nyingine ya pwani inayompa mbwa nafasi ya namna hii, na ndiyo sababu naitanguliza.

Jambo la kujiandaa nalo ni farasi, kwani bado wanapita. Ukisikia kwato, toka pembeni wewe na mbwa upande mmoja, fupisha kamba mpaka mkono ukaribie mkanda wa shingoni, mkalishe chini, halafu msalimie mwenye farasi kwa sauti ya kawaida. Farasi akisikia mtu anaongea hutulia. Kinachomshtua ni kitu kimya kilichojibanza kichakani. Mbwa wangu alipokutana na mkokoteni kwa mara ya kwanza alisimamisha masikio, akanusa hewa muda mrefu, kisha akaketi mwenyewe mpaka magurudumu yakapita. Baada ya hapo nilishindwa kumwondoa pale: kila alama ya kwato ilibidi inuswe.

Kwa njia za kando ya bahari, Ocean Path ina urefu wa maili 2.2 (kilomita 3.5) kwenda, kuanzia Sand Beach mpaka Otter Point, bahari ikiwa upande mmoja muda wote. Katikati yake kuna Thunder Hole, mwanya kwenye mwamba ambamo wimbi likiingia kwa nguvu hutoa mngurumo kama wa radi. Mbwa anayeogopa ngurumo usimsogeze pale. Njia ya kuzunguka ziwa la Jordan Pond ina maili 3.3, yaani kilomita 5.3, lakini mbwa asiingie majini, wala ninyi msiingie, kwa sababu ni chanzo cha maji ya kunywa. Maziwa mengine kadhaa ya kisiwani yana sharti hilo hilo, kwa hiyo maji ya mbwa bebeni wenyewe.

Marufuku zipo, na zina mantiki. Njia zenye ngazi na vyuma vya kushikilia vilivyochomekwa kwenye mwamba, kama Precipice, Beehive, Perpendicular na Beech Cliffs, hazina mbwa. Mnyama wa miguu minne hapandi ngazi ya chuma ukutani. Sand Beach na ufuo wa Echo Lake hufungwa kwa mbwa katika majira ya joto. Hili ndilo linalowakera wengi: wamefika Julai wakitaka mbwa acheze mchangani, wakakuta ufuo maarufu kuliko wote umefungwa kwake. Acadia ni pwani ya mawe na misitu. Mchanga si sifa yake, na maji yenyewe ni baridi hata katikati ya kiangazi.

Pamoja na hayo kuna Bar Island, na hapa mtu wa pwani ya Uswahilini atajisikia nyumbani. Mbele ya mji wa Bar Harbor, maji yakipwa, fungu la kokoto na mchanga linajitokeza na unavuka kwa miguu mpaka kisiwani pamoja na mbwa wako. Nafasi ni kama saa moja na nusu kabla ya maji kupwa kabisa na saa moja na nusu baada yake. Maji yakianza kujaa hayangoji mtu. Kila mwaka kuna wanaobaki upande wa pili, na magari yaliyoegeshwa kwenye fungu yanamezwa. Aliyekulia Kilwa, Lamu au Unguja hahitaji kufundishwa hili. Angalia jedwali la kupwa na kujaa kabla hujavua viatu.

Jambo jingine linaloipa Acadia alama kwangu ni mabasi ya bure ya Island Explorer, yanayofanya kazi kuanzia mwishoni mwa Juni hadi katikati ya Oktoba. Mbwa mtulivu aliye kwenye kamba anapanda. Maegesho ya Acadia wakati wa msimu ni vita, na kumwacha mbwa ndani ya gari wakati unatafuta nafasi au unakula ni hatari ya kweli: siku ya jua, joto la ndani ya gari linaweza kupanda kwa takriban nyuzi 10 za Selsiasi ndani ya dakika 10 tu.

Sasa ubaya wake. Maine ina kupe wengi wanaoeneza ugonjwa wa Lyme, na kupe mchanga ni mdogo kuliko chembe ya ufuta. Kila jioni mpapase mbwa kuanzia masikioni, kwapani, katikati ya vidole mpaka chini ya mkia, na kabla ya safari muulize daktari wa wanyama kuhusu chanjo ya Lyme na dawa ya kuzuia kupe. Mei na Juni kuna usubi wanaouma watu na mbwa bila huruma. Na barabara za changarawe hufungwa theluji inapoyeyuka, mpaka zikauke, kwa hiyo Aprili si mwezi wa kuzitegemea.

Kiingilio ni dola 35 kwa gari kwa siku saba. Tangu Januari 2026, mgeni asiye mkazi wa Marekani mwenye umri wa miaka 16 au zaidi, ambaye hana kadi ya mwaka, anatozwa dola 100 za ziada kwa kichwa katika hifadhi 11, na Acadia ni mojawapo. Shangazi aliyekuja kutembea kutoka Mombasa anaingia kwenye hesabu hiyo, basi lifikirieni mapema. Kambi za Blackwoods, Seawall na Schoodic Woods zinapokea mbwa. Ya Duck Harbor kwenye kisiwa cha Isle au Haut haipokei. Kupanda kilele cha mlima Cadillac kwa gari, mita 466 juu ya bahari, kunahitaji nafasi iliyowekwa mapema kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Oktoba.

Wasomaji wa Montréal na New Brunswick, ambao Acadia iko karibu nao kuliko Wamarekani wengi, wakumbuke mpaka. Tangu Agosti 2024 mbwa anayeingia Marekani sharti awe na umri wa miezi sita au zaidi, awe na chipu mwilini, na awe amejaziwa fomu ya kuingiza mbwa ya CDC, taasisi ya Marekani ya kudhibiti magonjwa.

Olympic: uzuri mwingi, nafasi chache

Olympic ilitangazwa hifadhi ya taifa 1938, na ukanda wake wa pwani ukaongezwa 1953. Ndani yake kuna milima yenye theluji, msitu wa mvua, na zaidi ya kilomita 110 za pwani ya Pasifiki. Mwenye mbwa anapata vipande tu vya hayo yote.

Vipande vyenyewe ni hivi. Kuna mfululizo wa fukwe za Kalaloch, kuanzia Ruby Beach kaskazini mpaka South Beach kusini, ambazo mbwa anatembea akiwa kwenye kamba. Kuna Rialto Beach, lakini kuanzia maegesho mpaka kijito cha Ellen Creek tu, karibu kilomita 0.8; lile tundu la mwamba linaloonekana kwenye picha zote za Rialto liko ng'ambo ya kijito, na mbwa hafiki. Second Beach, Third Beach na Shi Shi hapana. Njia za msitu wa Hoh hapana. Hurricane Ridge, kule juu milimani ambako watu wote wanataka kwenda, mbwa anaishia kwenye maegesho.

Njia ninayoisifu ni Spruce Railroad, kando ya ziwa Crescent. Ilikuwa njia ya reli iliyojengwa 1918 kusafirisha mbao za kuundia ndege za Vita ya Kwanza ya Dunia, vita ikaisha kabla haijafanya kazi hiyo. Leo imewekwa lami, ni tambarare, inapita kwenye mahandaki, na mbwa anaruhusiwa. Kwa familia yenye mbwa na bibi anayetembea polepole, hii inashinda ufuo.

Ufuo wa Kalaloch hata hivyo si wa kudharau. Ni mpana, wenye ukungu asubuhi, na umejaa magogo makubwa yaliyoletwa na mito na kutupwa juu na dhoruba. Magogo hayo ndiyo hatari ya kwanza. Wimbi likija wakati wa maji kujaa linaweza kuinua gogo zito na kulibingirisha, na mbwa anayenusa upande wa chini hana pa kukimbilia. Maji yakiwa juu, kaeni mbali na magogo. Hii si sehemu ya kurukaruka juu yake na watoto.

Hatari ya pili inajulikana na wenyeji wa kaskazini-magharibi lakini mgeni haijui: samaki. Salmoni wa maeneo yale huwa na minyoo inayobeba vimelea vinavyosababisha ugonjwa kwa mbwa, na mbwa anayekula salmoni mbichi, hata mzoga uliooza kando ya mto, anaweza kuugua ndani ya wiki moja. Dalili ni kutapika, homa, kuhara na kukataa chakula. Asipotibiwa, mara nyingi hufa. Akitibiwa mapema kwa dawa za minyoo na antibiotiki hupona vizuri. Kwa hiyo mkono mmoja kwenye kamba, macho chini, hasa msimu salmoni wanapopanda mito. Ukiona amemeza, mpigie daktari wa wanyama siku hiyo hiyo, na mtaje samaki kwanza.

Pwani ile pia imegawanyika kati ya hifadhi na ardhi za mataifa ya wenyeji wa asili: Quileute, Hoh, Quinault na Makah. Ardhi yao ina sheria zao, nazo zinafuatwa kwa heshima ile ile unayoitaka kwenye kijiji chenu.

Ziko njia za kupunguza uchungu. Msitu wa Taifa wa Olympic unaoizunguka hifadhi uko chini ya idara nyingine, na mbwa aliye kwenye kamba anaruhusiwa kwenye njia zake nyingi. Wakazi wa Seattle na Kent wanaojua hili hulala Kalaloch, ambako kuna kambi iliyo wazi mwaka mzima, asubuhi wanatembea ufuoni, mchana wanaingia msitu wa taifa. Kiingilio cha hifadhi ni dola 30 kwa gari kwa siku saba. Na mvua: eneo la Hoh linapata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka, hivyo taulo za mbwa ziwe nyingi kuliko za watu.

Cape Hatteras: mchanga, upepo, na kalenda

Hapa neno hifadhi linabadilika kidogo. Cape Hatteras ni ufuo wa taifa, wa kwanza nchini, ulioidhinishwa kisheria 1937, lakini unasimamiwa na idara ile ile ya hifadhi. Ni visiwa vyembamba vya mchanga, zaidi ya kilomita 100 kwa urefu, saa nne hadi tano kwa gari kutoka Raleigh. Hakuna kiingilio. Mbwa anaruhusiwa ufuoni mwaka mzima akiwa kwenye kamba ya futi 6, na kwa upana wa mchanga aliopewa, hakuna kati ya hizi tatu inayoukaribia. Sehemu zenye waokoaji waachieni waogeleaji.

Kinachoamua hapa ni kalenda. Kuanzia majira ya kuchipua mpaka karibu mwisho wa Agosti, ndege wadogo wa ufukweni wanataga juu ya mchanga mtupu, na kasa wanapanda usiku kufukia mayai. Sehemu hizo huzungushiwa vigingi na kamba, na mbwa haingii hata akiwa mpole namna gani. Kwa macho ya ndege, mbwa ni mbweha. Mama akiruka, mayai yanabaki juani na dakika chache zinatosha kuyaharibu. Sehemu zinazofungwa hubadilika viota vikiongezeka au vifaranga vikihama, kwa hiyo ramani ya wiki iliyopita haitoshi. Angalieni ya asubuhi hiyo.

Halafu joto. Mchanga wa Julai saa saba mchana unachoma nyayo za mbwa. Weka mgongo wa kiganja chako juu ya mchanga kwa sekunde kadhaa. Ukishindwa kuvumilia, naye hawezi. Nyuma ya fukwe, kwenye nyasi, kuna mbegu zenye miiba, jamaa wa mbigiri kwa maumivu yake, na mbwa akianza kuchechemea ghafla tazama kwanza katikati ya vidole. Maji matamu yawepo muda wote, kwa sababu mbwa mwenye kiu hunywa ya bahari. Atahara, na akizidisha chumvi inaweza kumuua.

Bahari yenyewe inakula pwani ile. Mnara wa taa wa Cape Hatteras, uliojengwa 1870, ulihamishwa mzima mzima mwaka 1999 kwa karibu mita 880 kuelekea bara kwa sababu mawimbi yalikuwa yameufikia. Nyumba za watu hazikupata bahati hiyo. Tangu 2020 kadhaa zimeanguka baharini huko Rodanthe, na baadaye Buxton, na mabaki yake yanasambaa kilomita nyingi: mbao, vioo, misumari. Nyayo ya mbwa haina soli. Karibu na vijiji hivyo viwili mimi ningempitisha mbwa kwenye mchanga uliolowa, mahali chini panapoonekana, na ningeuliza kwanza kama ufuo umefunguliwa.

Kuanzia Oktoba hali inageuka. Joto linashuka, viota vingi vimekwisha, ufuo unabaki na wavuvi na wenye mbwa. Kivuko cha magari kutoka Hatteras kwenda kisiwa cha Ocracoke ni cha bure na kinachukua saa moja hivi. Mbwa anakaa ndani ya gari au pembeni yako kwenye kamba. Fukwe za Ocracoke za wakati huo ndizo ningempeleka mbwa kijana mwenye nguvu ambaye nyumbani anatafuna viatu kwa kukosa pa kukimbia. Ila msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, na barabara kuu ni moja, huzibwa na maji na mchanga. Amri ya kuondoka ikitolewa mnaondoka na mbwa, basi jueni mapema hoteli gani ya bara inampokea.

Tahadhari kuhusu Assateague

Wengi wanaoishi Maryland na Virginia huniuliza kuhusu Assateague, kisiwa cha farasi wa porini. Upande wa Maryland mbwa anaruhusiwa sehemu kadhaa akiwa kwenye kamba. Upande wa Virginia haruhusiwi kabisa, hata akiwa amelala ndani ya gari madirisha yamefungwa. Kisiwa ni kimoja, bahari ni moja, na kosa la kuchagua daraja lisilo lake linakurudisha ulikotoka.

Kwa kuangalia haraka

| | Acadia | Olympic | Cape Hatteras |
|---|---|---|---|
| Njia za kutembea na mbwa | Nyingi sana | Chache | Chache, ufuo ndio njia |
| Mchanga | Mdogo, hufungwa majira ya joto | Kalaloch, na kipande cha Rialto | Mwingi, mwaka mzima |
| Miezi mizuri | Septemba, Oktoba | Mei hadi Septemba | Oktoba hadi Machi |
| Hatari ya kuangalia | Kupe | Salmoni mbichi, magogo | Joto, chumvi, misumari |
| Kiingilio kwa gari | Dola 35 | Dola 30 | Hakuna |

Mbwa wenu ni wa namna gani?

Swali hili lina uzito kuliko jimbo mnaloishi. Mbwa mzee, au mwenye uso uliobonyea anayepumua kwa taabu, asipelekwe Cape Hatteras kiangazi. Barabara za changarawe za Acadia mwezi Septemba zinamfaa zaidi. Mbwa anayebweka kila baiskeli ipitapo atapata shida Acadia na amani Ocracoke wakati wa baridi. Mbwa anayeokota kila kitu chini, Olympic ni jaribu kubwa kwake. Mtoto wa mbwa ambaye hajamaliza chanjo asiende popote kati ya hizi.

Familia za Kiislamu, ambazo kwa watu wa pwani yetu nyingi ni za madhehebu ya Shafi, zinajua uzito wa mate ya mbwa kwa mtu anayetaka kusali. Hili halizuii safari. Nguo za sala na mswala viwekwe kwenye mfuko wao uliofungwa mbele ya gari, mbwa akae nyuma kwenye shuka lake, na dumu la maji ya kutawadha liwe mbali na bakuli lake. Kwa kulala, kibanda chenye vyumba viwili kinawapumzisha wote kuliko hema moja. Kalaloch kuna vibanda vinavyopokea mbwa, na kwenye vijiji vya Hatteras nyumba za kupangisha zinazowakubali ni nyingi, ingawa hutoza ada ya ziada.

Kama mko katikati ya nchi, Ohio au Texas, na itabidi msafiri mbali popote mwendako, ningesema Acadia, wiki ya pili au ya tatu ya Septemba: shule zimefunguliwa na umati umepungua, mabasi bado yanatembea, usubi wamekwisha. Wenye watoto wa shule ambao hawana ruhusa Septemba wachukue likizo ya Machi waende Cape Hatteras, wakijua kwamba maji ni ya baridi na baadhi ya sehemu zimeanza kufungwa kwa ajili ya ndege. Walioko Seattle wasivuke nchi kwa ajili ya mbwa; Spruce Railroad siku ya kwanza, Kalaloch siku ya pili, inatosha.

Popote mtakapokwenda, cheti cha chanjo ya kichaa cha mbwa kiwe garini, na namba ya simu iliyo kwenye mkanda wa shingoni iwe ya simu mtakayokuwa nayo safarini, si ile iliyobaki nyumbani.